Mgeni Njoo, Mwenyeji Ahame: Mabepari Wapya wa Venisi

Wasomaji wengi wa Kiswahili waliujua mji wa Venisi kwa kalamu ya Mwalimu Julius Nyerere. Mwaka 1969 alichapisha Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, na kwa kuteua neno "mabepari" pahala pa "mfanyabiashara" akaifanya anwani yenyewe kuwa hukumu. Neno hilo linastahili kuulizwa upya leo: ni nani bepari wa Venisi, na bidhaa yake ni ipi?

Bidhaa ni mji wenyewe. Venisi umejengwa juu ya visiwa zaidi ya mia moja vilivyounganishwa kwa madaraja zaidi ya 400. Hauna magari; mizigo, wagonjwa na hata maiti husafirishwa kwa mashua. UNESCO iliutia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1987. Si ajabu basi kwamba kila mtu atamani kuuona. Hata hivyo, mtalii anayesukumana na wenzake kutoka daraja la Rialto hadi uwanja wa Mtakatifu Marko aghalabu huona migongo ya watu kuliko kuta za kale, na jioni huondoka bila kusemezana na mwenyeji hata mmoja.

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Huko Venisi methali hii imepinduliwa. Mwaka 1951 mji wa kale ulikuwa na wakazi wapatao 175,000. Kufikia mwaka 2022 walikuwa wamepungua chini ya 50,000. Hawakufukuzwa kwa mapanga. Nyumba zilianza kukodishwa watalii kwa siku, kwa bei asiyoiweza mwalimu wala muuguzi. Duka la mkate likawa duka la barakoa. Kila aliyehama alimwachia jirani yake sababu moja zaidi ya kumfuata. Mwaka 2023, kwa hesabu ya vikundi vya raia wa mji huo, vitanda vya watalii viliizidi idadi ya wakazi.

Ni haki kukiri kwamba watawala hawakukaa kimya. Mnamo Agosti 2021 serikali ya Italia ilizuia meli kubwa za kitalii kupita mbele ya uwanja wa Mtakatifu Marko. Tarehe 25 Aprili 2024 halmashauri ya mji ilianza kuwatoza wageni wa kutwa ada ya euro 5 katika siku teule. Mwaka 2025 siku hizo zikafika 54, na anayechelewa kujiandikisha akatozwa euro 10.

Kuzuia meli kunastahili pongezi. Ada, kwa upande wake, ni dawa ya ugonjwa mwingine. Haiweki kikomo cha idadi ya wanaoingia, na aliyetumia maelfu kusafiri hatarudi kwao kwa sababu ya euro 5. Baya zaidi, tiketi humfunza mgeni kwamba anaingia makumbusho. Nayo makumbusho hayahitaji wakazi, yahitaji walinzi tu.

Yamkini watetezi wa utalii watasema kwamba Venisi uliishi kwa biashara tangu jadi. Ni kweli. Lakini mfanyabiashara wa kale aliuza viungo, hariri na vioo, kisha jioni akarejea nyumbani kwake. Anayeiuza nyumba yenyewe hana pa kurejea.

Tiba haina budi kuanzia hapo. Mwaka 2022 bunge la Italia liliipa Venisi uwezo wa kipekee wa kuwekea mipaka nyumba zinazokodishwa watalii. Uwezo huo, ukitumiwa kikamilifu, utafaa kuliko mlango wowote wa kulipia, kwa kuwa utamrudishia mwenyeji kilicho chake: pa kulala, jirani, na duka la mkate. Mgeni naye ana wajibu. Alale siku mbili tatu, anunue sokoni wanakonunua wenyeji, azuru msimu usio wa msongamano. Mafanikio ya mji kama huo yasipimwe kwa idadi ya waliouingia, bali kwa idadi ya familia ambazo bado zinawasha taa watalii wakishaondoka.