Mkono wa Chuma na Winchi za Bandari

Vijana wengi wanamfahamu Darth Vader, jahili wa filamu ya Kimarekani iliyotoka mwaka 1977. Viungo vyake ni vya bandia, mtambo humsaidia kupumua, na mwanzoni mwa filamu humkaba mtu mzima koo na kumnyanyua kwa mkono mmoja.

Hebu tupime. Mtu wa kilo 80 akishikwa sentimita 60 kutoka begani, bega hulemewa na momenti ya takriban niutoni-mita 480. Chuma chaweza kustahimili. Lakini chuma chenyewe kimeshikiliwa na nini? Mwanafunzi wa Kurasini na azitazame winchi za bandarini: bila kitako kipana na kizito zingepinduka pamoja na shehena.

Mafundi wa viungo bandia hulijua hilo. Katika chuo cha TATCOT, kilichoanzishwa mwaka 1981 kwenye hospitali ya KCMC, Moshi, hufundishwa kuunda kikombe kinachopokea kigutu, nayo ndiyo kazi ngumu kuliko mguu wenyewe. Kwa aliyekatwa chini ya goti, sehemu kubwa ya uzito huelekezwa kwenye ukano ulio chini ya pia ya goti, unaovumilia shinikizo. Ncha ya mfupa haivumilii. Kikombe kikipwaya, ngozi huchubuka, na mguu huishia uvunguni.

Basi siridhiki na filamu inayomtia mtu utisho kwa sababu ya chuma alichofungwa. Hata katika hadithi yenyewe, jahili huyo alikwisha kuua kabla ya kuvishwa deraya yake! Mwalimu anayefundisha momenti angefanya vyema kumwalika darasani fundi wa viungo bandia, aje na kikombe kimoja na plasta ya kuchukulia umbo.