Hukwenda Kukandwa

Kuna lalamiko ninalolisikia kwenye matatu za barabara ya Embu kwenda Meru, kuanzia Runyenjes hadi Nkubu, na nimechoka kulinyamazia. "Nimelipa nauli, nimepanga foleni, na yule fizio hakunifanyia kitu. Ati ananiuliza maswali, halafu ananiambia niiname, niinuke!" Anayesema hivyo mara nyingi harudi tena. Ananunua vidonge vya maumivu dukani, au anatafuta mtu wa kumchua kwa mafuta. Miezi inapita, mgongo ni ule ule.

Mimi nasema alifanyiwa kitu. Yale maswali na kule kuinama ndiyo tiba yenyewe.

Tumelelewa tukiamini kwamba tiba ni kitu unachotiwa: sindano, kidonge, joto la taa, mkono wa mtu mwingine. Kazi yako wewe ni kulala kitandani tu. Tabibu wa viungo, huyu tunayemwita fizio, anakuinua kitandani akupe kazi. Ndiyo maana anatuudhi.

Basi ukienda, jua yanayokungoja. Atakuuliza maumivu yalianza lini, yanazidi asubuhi au jioni, unafanya kazi gani, usingizi je. Usimjibu kwa mkato. Jibu lako ndilo linalomwongoza. Atataka kuona kiungo kinachouma, kwa hiyo vaa nguo za kulegea. Una haki ya kuelezwa kabla ya kuguswa, na kuomba mtu wako aingie nawe. Atakupima nguvu, atakugonga goti kwa kinyundo, atatazama unavyotembea. Ukimwambia kwamba mkojo unakutoka bila kujua, una ganzi katikati ya mapaja, au mguu unazidi kuishiwa nguvu, atakupeleka kwa daktari siku hiyo hiyo. Dalili hizo usizifiche kwa aibu, na zikikupata nyumbani usingoje siku ya kliniki. Zisipokuwepo, atakupa mazoezi mawili matatu ya kufanya nyumbani kila siku. Mazoezi hayo ndiyo dawa yako.

"Na mashine je?" Mwezi wa Desemba 2023, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake kuhusu maumivu sugu ya kiuno yasiyo na ugonjwa mwingine nyuma yake. Mazoezi na kumwelimisha mgonjwa vimo. Kukandwa pia kumo, kama sehemu ya tiba pana. Lakini mashine za kusisimua kwa umeme, mashine za mawimbi ya sauti, kuvutwa mgongo na mikanda ya kiuno vimewekwa upande wa mambo yasiyopendekezwa kwa kawaida. Tunalilia mashine, na mwongozo unatuambia tuinuke.

Najua jibu la watu wa kwetu: "Mimi nachuma chai tangu alfajiri, nabeba kuni kwa mkanda wa kichwani, mazoezi mengine ya nini?" Ni swali la haki, lakini kazi si mazoezi. Kazi inarudia mwendo mmoja mpaka misuli fulani ichoke na mingine isahaulike. Mchuma chai wa Imenti, mchuma miraa anayekwea miti kule Igembe, shosho wa Mbeere mwenye mtungi wa maji, kila mmoja mwili wake umechoshwa kwa namna yake. Zoezi huchaguliwa kwa ile sehemu iliyosahaulika. Ndiyo maana yale maswali huja kwanza.

Lakini lawama zote nisimtwike mgonjwa. Tabibu anayemwambia mama wa shambani "usibebe kitu kizito" na kumfungia mlango, huyo hajatibu, amemwambia asile. Amfundishe kugawa mzigo, kuubeba karibu na mwili, kupumzika kati ya safari na safari. Anayekuweka chini ya taa ya joto dakika ishirini bila kukupima, kisha akakwambia urudi mara kumi, anakula nauli yako. Kutoka Kiritiri hadi Embu mjini na kurudi si mchezo kwa mtu wa kibarua. Na kaunti zetu, zilizokabidhiwa hospitali mwaka 2013, zikumbuke kwamba fizio mmoja mwenye nafasi ya kuzungumza na mgonjwa ana faida kuliko mashine iliyokatiwa utepe ikafunikwa kitambaa.

Kwa hiyo usitoke chumba kile kimya kimya. Uliza: shida yangu ni nini? Nifanye zoezi gani, mara ngapi? Maumivu gani ni ya kawaida, na yapi yanirudishe hapa mbio? Tutajuaje kwamba napona? Uliza pia leseni. Sheria ya mwaka 2014 iliunda Baraza la Fiziotherapia la Kenya, na anayetibu viungo vya watu anapaswa kusajiliwa nalo. Anayekasirika kwa kuulizwa, mwache na mafuta yake.

Akikujibu vizuri na kukupa zoezi la kwenda nalo nyumbani, usipande matatu ukalalamika kwamba hujafanyiwa kitu. Umekabidhiwa mgongo wako. Kesho asubuhi, kabla ya kushika kikapu cha chai, anza.