Mugongo wenye kuumia: kidonda ni kidogo, lakini operesheni inahitajika kweli?

Kule Goma na Bukavu, mugonjwa wa mugongo mara nyingi anaambiwa aende Kigali, Kampala ao India. Tangu uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa Januari 2025, hata kufika Kinshasa kunaomba kupitia inchi jirani. Familia inauza kiwanja, inachanga dola, na siku hizi inapewa neno lenye kufariji: atapasuliwa kwa matundu madogo tu.

Kati ya mifupa ya uti wa mugongo kuko diski, kitu kilaini chenye kupunguza mutikisiko. Ikizeeka, wanganga wanaweza kuitoa na kufunga mifupa mbili kwa skrubu ili ishikamane. Zamani walifungua mugongo kwa upana. Sasa wanapitisha mirija kati ya misuli huku wakifuata picha za radio. Faida iko: damu kidogo inapotea, mugonjwa anarudia nyumbani mapema. Lakini kisha mwaka moja ao mbili, matokeo yanakaribia kuwa sawa na ya njia ya zamani. Na udogo wa kidonda hauonyeshi kama mifupa ile ilipashwa kufungwa.

Kwa umivu ya mugongo tu, yenye kuletwa na diski iliyozeeka, majibu ya utafiti hayapendezi wauzaji wa skrubu. Uswidi, mwaka wa 2001, kati ya wagonjwa 294, waliopasuliwa walipata nafuu zaidi. Lakini wenzao walipewa mazoezi ya kawaida tu. Mwaka wa 2005 Uingereza ililinganisha operesheni na mazoezi makali yenye kufuatwa kwa karibu, kwa wagonjwa 349. Kisha miaka mbili, tofauti ilikuwa ndogo sana. Tangu 2016, mwongozo wa afya wa Uingereza unakataza kufunga mifupa kwa ajili ya umivu hiyo, isipokuwa ndani ya utafiti.

Tena picha ya IRM inadanganya. Uchunguzi wa 2015 ulionyesha diski zilizozeeka kwa asilimia 37 ya vijana wa miaka 20 wasio na umivu yoyote, na kwa asilimia 96 ya wazee wa miaka 80. Kwa hiyo karatasi yenye kuandikwa «diski imeharibika» si hukumu.

Na yule mwenye kusukuma chukudu, ao mama mwenye kubeba muzigo kwa kamba kwenye paji la uso? Operesheni itamuomba akae miezi bila kuinua kitu kizito. Nani atalisha watoto? Skrubu ikilegea ao kidonda kikioza, nani atamufuata huku, wakati munganga wake iko Delhi?

Wengine, kinyume, hawapashwi kungoja: miguu yenye kupoteza nguvu, mukojo wenye kushindikana kuzuia, ganzi katikati ya mapaja. Hiyo ni haraka, hata kwa siku moja. Homa na kukonda pamoja na umivu ya mugongo vinaweza kuwa kifua kikuu cha mifupa, ambacho mara nyingi kinapona kwa dawa, na dawa hizo zinatolewa bure katika inchi yetu.

Kwa wengine wote, mbele ya kulipa, munganga aulizwe: mugonjwa amefanya mazoezi ya kweli miezi ngapi, na nani alimuongoza? Kwa wengi, jibu ni kwamba hawajaanza.