Kabla Hujapiga Windo

Nina ugomvi na sentensi moja. Nimeisikia Kibiti, nimeisikia Mbagala, na bila shaka wewe pia umeisikia: "Hii tunapiga windo tu, itakaa sawa." Anayeitamka huwa hajafungua kompyuta. Hajauliza tatizo limeanza lini, wala mashine huzimika saa ngapi. Ameshaandika dawa kabla ya kumwona mgonjwa.

Kompyuta yetu ni ya mezani, mtumba wa Kariakoo, imewekwa sebuleni hapa Kibiti, si mbali na barabara kuu iendayo Lindi na Mtwara. Ilianza kujizima yenyewe katikati ya kazi. Kioo kinakuwa cheusi, feni inanyamaza, kisha mashine inawaka upya kana kwamba hakuna kilichotokea. Nikaipeleka kwa fundi. Baada ya saa mbili nikaichukua ikiwa safi, na diski ikiwa tupu.

Ndani ya diski ile mlikuwa na sauti ya bibi yangu. Mwaka 2022 nilikaa naye siku nne kule Delta, nikimrekodi akitaja mikoko kwa majina na kazi zake: mkandaa wa boriti, mchu wa kuni, mlilana ambao mizizi yake huelea ikafanywa maboya ya nyavu. Alinieleza kilimo cha mlau, namna wazee walivyosubiri mafuriko yashuke ndipo wapande kwenye unyevu ulioachwa na mto. Mwaka uliofuata alifariki. Nilipomwambia fundi kilichopotea, alinijibu kwa upole kabisa: "Si ungesema mapema kama mna vitu vya maana?"

Sikuwa na nakala nyingine. Hilo ni kosa langu na nimelibeba. Lakini siku ya tatu kompyuta ilizimika tena, na hapo ndipo hasira yangu ilipopata anwani. Tulikuwa tumefuta kila kitu isipokuwa tatizo.

Nikachukua daftari. Kwa wiki mbili niliandika kila ilipozimika: siku, saa, nilichokuwa nikifanya, nilichokuwa nikisikia. Nikaangalia kumbukumbu za matukio ndani ya Windows, nikakuta tukio namba 41, Kernel-Power. Wengi wakifika hapo hushangilia. Kumbe tukio hilo linasema tu kwamba mashine imewaka upya bila kuzimwa vizuri. Ni sawa na cheti kinachosema marehemu aliacha kupumua. Nikapima RAM usiku kucha kwa MemTest86; haikuwa na kosa. Nikapuliza vumbi, nikaangalia joto. Lilikuwa la kawaida.

Daftari ndilo lililosema. Kompyuta haikuzimika usiku hata mara moja, wala Jumapili, wala saa za swala ya Ijumaa. Ilizimika saa za kazi tu. Na saa za kazi, nyuma ya nyumba yetu, jirani anachomelea mageti.

Nikamwita fundi umeme na mita yake. Kwenye soketi umeme ulisoma volti 228. Jirani alipogusa chuma na kuwasha cheche, ukaanguka chini ya 170, kisha ukarudi. Tulipofungua pawa saplai tukakuta kapasita moja imevimba kichwani. Kazi ya kapasita ni kutunza umeme kidogo ili mashine ivuke mtikisiko wa namna hiyo. Hii ilikuwa imechoka. Tukabadilisha pawa saplai, tukaweka UPS. Haijajizima tena. Windo haikuwa na hatia tangu mwanzo.

Najua mafundi watasemaje, na wana hoja. Mwambie mteja "elfu kumi ya kupima tu," uone atakavyoondoka. Mteja anataka kuona kitu kimefanyika. Kupiga windo kunaonekana, kufikiri hakuonekani. Kwa hiyo lawama sitamtwika fundi peke yake. Sisi tuliosoma, tunaojua kubishana mtandaoni hadi usiku wa manane, tunalipia kitendo na kukataa kulipia ujuzi. Kisha tunalalamika kwamba ujuzi haupo.

Na watu wa huku hatuna kisingizio. Miaka ya 1990, Kibiti ikiwa bado ndani ya Wilaya ya Rufiji, mradi wa afya ulioitwa TEHIP ulifanya kazi Rufiji na Morogoro Vijijini. Takwimu zilikusanywa kaya kwa kaya: watu wanaugua nini, wanakufa kwa nini. Zilipolinganishwa na bajeti, ikaonekana fedha haziendi kwenye magonjwa yanayoua zaidi. Wakapanga upya, na vifo vya watoto wadogo vikapungua. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likashauri kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Leo ukienda zahanati na homa, unapimwa kwanza. Hakuna anayeona ni kupoteza muda.

Basi kwa nini mashine iliyobeba sauti za wafu wetu tuitibu kwa kubahatisha?

Ninachodai ni kidogo. Kabla ya kumkabidhi mtu kompyuta yako, toa nakala ya vilivyomo. Kama haiwaki kabisa, mwambie diski isiguswe mpaka vilivyomo vitolewe. Muulize atapima nini, kwa kifaa gani, na akikujibu vizuri, mlipe kwa jibu hilo. Akisema "tunapiga windo tu," chukua mzigo wako uondoke.

Juzi kijana wa mtaani alikuja na laptop inayoganda. Ameshaambiwa ipigwe windo. Nikampa daftari jipya na kalamu. Akauliza aandike nini.

"Saa," nikamwambia. "Anza na saa."