Mgeni anayenunua nyumba Bukavu aambiwe ukweli mapema

BUKAVU – Kwenye kuta za nyumba nyingi za Ibanda, Kadutu na Bagira mtu anasoma maandishi ya rangi nyekundu: "Parseli hii haiuzwi." Mgeni anacheka. Anauliza kwa nini mtu atangaze kwamba hauzi kitu. Mkaaji wa Bukavu haulizi. Anajua kwamba mwenye nyumba anaweza kwenda Bujumbura wiki mbili tu, akarudi na kukuta mtu mwingine amekwisha kula dola za nyumba yake.

Maandishi hayo ndiyo somo la kwanza kwa mgeni anayetaka kukaa hapa, awe mfanyakazi wa shirika, mfanyabiashara kutoka Asia, au jirani wa Burundi aliyeoa Bukavu. Bahati mbaya hakuna anayemfundisha. Komisionere anampitisha Muhumba na Nguba, anamwonyesha ziwa. Bei inakatwa kwa dola, mashahidi wanaletewa kinywaji, shefu wa avenyu anagonga muhuri kwenye karatasi ya mauzo. Usiku ule mgeni analala akiamini kwamba ana udongo Kongo.

Hana. Na kosa si lake peke yake.

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema katika kifungu cha 53 kwamba udongo wote ni mali ya Serikali, hauuzwi na haupotezwi kwa kupita kwa miaka. Kinachouzwa ni nyumba, miti na haki ya kutumia kiwanja. Haki hiyo, kwa kifungu cha 219, inathibitishwa na karatasi moja tu: sertifika inayotolewa na msimamizi wa hati za ardhi. Fishi ya komine si sertifika. Muhuri wa shefu wa avenyu si sertifika. Barua ya familia yenye alama za vidole kumi si sertifika.

Halafu kuna jambo ambalo makomisionere hawapendi kulitaja. Haki ya kudumu inapewa raia wa Kongo tu. Mgeni anapata haki ya kawaida, isiyozidi miaka 25, ingawa inaweza kufanywa upya. Miaka 25 si midogo. Mtu anaweza kujenga, kulea watoto na kufanya biashara ndani yake. Lakini kwa sababu hakuna aliyemweleza, mgeni anatafuta njia ya mkato: anaandikisha nyumba kwa jina la rafiki, dereva au shemeji. Siku urafiki unapokatika, au shemeji anapofariki na watoto wake wanapodai urithi, mgeni anasimama mbele ya tribinali na risiti mkononi, huku sertifika ina jina la mwingine. Tribinali inasoma jina.

Jambo hili linawagusa pia watoto wa Bukavu wenyewe. Kifungu cha 10 cha Katiba ya 2006 kinasema uraia wa Kongo ni mmoja tu, hauchanganywi na mwingine. Mzaliwa wa Kadutu aliyechukua uraia wa Ubelgiji au Kanada, anayemtumia mdogo wake pesa za kujenga kila mwezi, mbele ya sheria anaweza kuhesabiwa kuwa mgeni. Wengi hawajui. Wanajenga kwa jina la mdogo, wanajiambia kwamba damu haiwezi kuwa maji. Kesi za kila siku zinaonyesha kwamba kwenye parseli inaweza.

Wazee wanakumbuka mwisho wa kukaa bila uhakika. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yapite mikononi mwa Wazairwa. Wagiriki, Wareno na Waasia waliokuwa wamefanya biashara nchini miaka mingi walifunga masanduku. Waliopewa mali hizo wengi hawakuweza kuziendesha, rafu zikabaki tupu, na wafanyakazi wakarudi nyumbani bila mshahara. Mwaka 1976 Serikali ilirudi nyuma na kuwaita wenye mali wa zamani, lakini wengi hawakurudi tena. Aliyelipa hasara si mgeni peke yake. Ni pia mama aliyekosa chumvi na sabuni.

Leo, kule Ugiriki kwenyewe, mgeni anayenunua nyumba anaelezwa masharti kabla hajatoa pesa. Tangu 2013 nchi hiyo inatoa kibali cha kukaa kwa mnunuzi wa nje. Kiasi kilianza na euro 250.000, na tangu 2024 kimepanda hadi 800.000 katika maeneo kama Athens na Thessaloniki. Kwenye mipaka na visiwa vilivyo karibu na Uturuki, mtu wa nje ya Umoja wa Ulaya anaomba ruhusa kwanza. Masharti ni magumu, lakini yanajulikana. Bukavu nayo ni mji wa mpaka, na ingefaa kujifunza hapo. Kuweka masharti si kumchukia mgeni. Kumficha masharti ndiko kumchukia.

Yapo mambo yanayoweza kuanza bila pesa nyingi. Ofisi ya ardhi ibandike kila komine, kwa Kiswahili, nani anapata haki gani na kwa muda gani. Shefu wa avenyu asigonge muhuri kabla ya kuona sertifika ya muuzaji. Mgeni aandikishe miaka yake 25 kwa jina lake mwenyewe. Na kwa sasa asiwe na haraka: tangu AFC/M23 ilipoingia mjini Februari 2025, ofisi haziendeshwi tena na watu wa Kinshasa. Karatasi inayotiwa sahihi leo, nani atakayeitambua kesho? Kungoja si woga.

Kabla ya hayo yote, mgeni apangishe kwanza mwaka mmoja. Atajua ni mlima gani unaoshuka wakati wa mvua na ni bomba gani lisilotoa maji. Atoke kwenye salongo Jumamosi, achangie matanga ya jirani, asalimie mama wa makaa kwa jina. Majirani ndio watakaomnong'oneza kwamba nyumba anayoitamani ina kesi tangu miaka kumi. Sertifika inamlinda mtu mbele ya tribinali. Majirani wanamlinda kabla hajafika huko.