Mikeka ya Mpira Isiachwe Baada ya Kutandikwa

Imekuwa desturi yetu kuishangilia siku ya kukabidhiwa kitu kuliko siku ya kukitunza. Kiwanja cha watoto hufunguliwa kwa ngoma na hotuba, utepe ukakatwa na picha zikapigwa. Ikipita masika moja, pembea imebaki na mnyororo mmoja na chini yake pamefanyika dimbwi. Leo tunataka kusema juu ya kitu kimoja ambacho huonekana kidogo katika viwanja hivyo, nacho ni mkeka wa mpira unaotandikwa juu ya majani.

Wasioujua waelezwe. Mkeka huu hutengenezwa kwa mpira, mara nyingi wa matairi ya magari yaliyochakaa, yale yale ambayo mafundi wetu huyakata wakafanya makatambuga. Kipande cha kawaida kina urefu wa mita 1.5 na upana wa mita 1, unene wake ni kama milimita 23, na uzito wake unapindukia kilo 10. Kimejaa matundu. Vipande huunganishwa kwa vifungo vya plastiki na kushikizwa ardhini kwa vigingi, kisha majani huota kupitia matundu yale mpaka mpira usionekane. Huwekwa chini ya pembea, na vile vile katika njia za miguu ambako majani yangekufa kwa kukanyagwa.

Kosa kubwa ni kudhani kwamba mpira peke yake ndio unaomkinga mtoto. Sivyo. Katika kipimo cha Ulaya kiitwacho EN 1177, umbo la kichwa lenye chombo cha kupimia mshindo huangushwa, ili ijulikane mtoto aweza kuanguka kutoka kimo gani bila ya kichwa chake kupata dhara kubwa. Mkeka hupimwa pamoja na kilicho chini yake. Ule ule uliofaulu juu ya udongo wenye majani hautafaulu juu ya saruji, wala juu ya ardhi iliyoshindiliwa kwa miguu ya watoto mia kila siku. Kwa hiyo majani yakifa na udongo ukichukuliwa na maji, kinachobaki ni kipande cha mpira juu ya ardhi ngumu, na mzazi anayekitazama kutoka mbali ametulia moyo bure. Hiyo ni hatari kuliko kiwanja kisichokuwa na mkeka kabisa, maana pale angalau mama angemwambia mwanawe asipande juu.

Sasa tuje kwenye utunzaji wenyewe. Maelekezo yanayofuatana na mikeka hii yameandikwa kwa watu ambao majani yao hulala wakati wa baridi. Wao huambiwa waondoe barafu na wafagie majani ya miti yanayopukutika kabla ya theluji. Mtu akiyafasiri majira hayo ya kupukutika kwa neno vuli, basi amempoteza msomaji, kwa kuwa vuli yetu ni mvua, na majani huota badala ya kuanguka. Kalenda ya kazi hii hatuna budi kuiandika wenyewe.

Mwanzo wake ni Februari, kabla ya masika. Wakati huo ardhi ni kavu na kila kasoro inaonekana. Vifungo vilivyokatika vibadilishwe, vigingi vilivyopanda vigongwe, na pale ambapo udongo umezama pajazwe na kusawazishwa. Mkeka uliopinda ukingo humkwaa mtoto kabla hajaifikia pembea. Mvua zikianza mwezi wa Machi, vipandwe vipande vya ukoka katika matundu yaliyo tupu. Ukoka una sifa ya kutambaa na kutia mizizi kila kifundo, na mizizi hiyo hushika mkeka kuliko kigingi chochote. Lakini haupendi kivuli. Anayetandika mkeka chini ya mwembe asilaumu mkeka.

Aprili na Mei majani hukua upesi, na hapa ndipo uharibifu mwingi unapoweza kufanywa na mikono yetu. Kijana hupewa fyekeo akaambiwa asafishe. Naye kwa bidii njema hukata majani, vifungo na mpira pamoja. Itumike mashine ya kukatia majani iliyoinuliwa kisu, au mkasi. Yakiachwa marefu, huteleza kwa umande na kuficha vioo na mawe.

Jambo jingine la msimu huo ni maji. Mkeka uliobonyea hukusanya maji chini yake, na mbu aina ya Aedes, aenezaye homa ya dengue, hutosheka na maji kidogo yaliyotuama. Dar es Salaam iliionja homa hiyo mwaka 2014 na tena 2019. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 huko Tanzania Bara ilionyesha kwamba wananchi wakikaa katika vikundi wanaweza kuzifanya kazi za namna hii bila ya kungoja mtaalamu.

Kipupwe hakina mengi: kufagia mchanga unaoziba matundu, na kuwazuia mbuzi, ambao hung'oa ukoka wakamaliza kazi ya miezi mitatu kwa asubuhi moja. Kaskazi ni kinyume chake. Januari majani hukauka na mpira mweusi huungua jua mpaka haukanyagiki kwa mguu mtupu. Maji yamwagwe jioni, si mchana.

Ardhi nayo haifanani. Penye kichanga vigingi virefu vyahitajika. Kinamo huhodhi maji. Na katika uwanda wa mawe udongo ni haba, ukoka hauna pa kutia mzizi, na ingefaa fedha zitumike kwa mchanga mwingi laini badala ya mkeka.

Waliosoma chuoni wanajua kwamba kuondoa njiani kinachoudhi kumehesabiwa katika matawi ya imani, na kwamba mali ya umma ni amana. Amana haitunzwi na watu wote kwa jumla. Hutunzwa na mtu anayejulikana. Kila skuli, shehia au manispaa inayopokea mikeka hii iandike siku hiyo hiyo jina la mwenye dhamana, na itenge fungu la vifungo, vigingi na udongo katika bajeti ya kila mwaka. Mfadhili anayetoa mikeka bila ya fungu hilo aulizwe kwa heshima. Na pale ambapo Februari imepita bila ya ukaguzi, mwalimu mkuu asione haya kuifunga pembea kwa kamba mpaka udongo ujazwe.