Za kuambiwa, changanya na zako!

Ndugu msomaji, wewe unayesimama kila asubuhi kwenye meza ya magazeti, mikono mfukoni, ukameza vichwa vya habari bure kisha ukakimbilia kijiweni kubishana, leo ugomvi wangu ni na wewe. Vigogo tutawarudia wiki ijayo.

Wanakupiga changa la macho kwa sababu hutenganishi habari na maoni. Habari inakueleza nani kafanya nini, wapi, lini na kwa shilingi ngapi. Maoni yanakueleza umchukie nani na umshangilie nani. Maoni si dhambi. Hata haya unayosoma ni maoni. Dhambi ni maoni kuvishwa joho la habari. Ukiona "wachambuzi wa mambo wanasema" na hakuna hata mmoja aliyetajwa, jua mchambuzi ni mwandishi mwenyewe. Ukiona "wananchi wamepongeza", uliza: wangapi, wa mtaa gani? Wewe uliulizwa?

Pili, tazama mwenye gazeti. Uhuru ni la CCM, tangu enzi za TANU. Daily News na HabariLeo ni ya serikali. Usitegemee tahariri ya humo imng'ate bwana wake. Lakini pia usidhani kuwa karibu na wakubwa ndiko kuujua ukweli. Agosti 2021, Uhuru liliandika ukurasa wa mbele kwamba Rais Samia hana wazo la kugombea 2025. Chama chenyewe kikaikana habari hiyo na kuwasimamisha wakuu wa gazeti, serikali nayo ikalifungia siku 14. Na 2025 Samia akagombea! Kama uliapa kwamba gazeti la chama haliwezi kukosea habari za mwenyekiti wake, uliumbuka.

Kufungiwa nako si cheti cha ukweli. MwanaHalisi lilifungiwa 2012, likafungiwa tena 2017 kwa miezi 24. Tunapinga, tena kwa sauti kubwa: kalamu hujibiwa kwa kalamu, si kwa kufuli. Lakini makala hupimwa kwa ushahidi wake, si kwa ukubwa wa kufuli.

Tatu, tafuta kilichofichwa. Makala ikisifu barabara mpya bila kutaja gharama wala mkandarasi, hiyo ni ngonjera.

Na gazeti hili je? Litilie shaka vilevile! Ni la chama, nacho kinataka kura yako. Tukipiga kelele za ufisadi bila jina, kiasi wala tarehe, tufungie maandazi. Tukimsifu mwenyekiti wetu kama malaika, tucheke. Chama cha upinzani kinachotaka wafuasi vipofu hakina tofauti na kile kinachotaka kuking'oa madarakani.

Soma makala hadi nukta ya mwisho, ndipo ubishe. Kura yako ni moja tu, kijana. Usimpe mtu kwa sababu ya kichwa cha habari.